Je, Uzee wa Gitaa Hununuliwa?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hunijia kila niwasikiapo wapenzi wa magitaa ya umeme wakibishana kuhusu Les Paul Standard: kati ya lile la kale na lile la marudio, lipi lina sura nzuri zaidi?

Asili ya ubishi huu ni Kalamazoo, katika jimbo la Michigan nchini Marekani. Kampuni ya Gibson ilianza kuuza Les Paul mwaka wa 1952, uso wake ukiwa wa rangi ya dhahabu. Mwaka wa 1958 rangi hiyo ilibadilishwa, pakawa na wekundu kingoni unaofifia hadi manjano katikati, mfano wa jua la machweo. Chini ya vanishi angavu ulionekana mti wa mepo uliofunika kiwiliwili cha mahogani. Pale ambapo nyuzi za mti huo zimejipinda kama mawimbi, gitaa likigeuzwa huonekana ndimi za moto zikicheza. Kufikia mwaka wa 1961 umbo hilo lilikuwa limeachwa na kiwanda.

Aghalabu hudhaniwa kwamba magitaa yote ya miaka hiyo yana miali mikali. La hasha! Mengi yana miali hafifu, mengine hayana kabisa. Fauka ya hayo, rangi nyekundu ya wakati huo haikustahimili mwanga. Gitaa lililokaa juani liligeuka likawa la rangi ya asali, au hata ya ndimu. Kwa hivyo, ni vigumu kuyapata mawili yaliyo sawa.

Marudio ni kinyume. Mbao huteuliwa kwa ukali wa miali yake, na nusu mbili za uso huunganishwa zikatazamana kama mtu na kioo. Rangi hupakwa ikiwa imekwisha kufifishwa. Hata vanishi hupasuliwa na kukwaruzwa makusudi, ili gitaa la jana lionekane limepigwa kwa miaka sitini.

Watetezi wake husema kwamba gitaa halisi la 1959 huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na mwanamuziki wa kawaida hawezi kulimudu. Hoja hii ina mashiko. Siyapingi marudio, ninachopinga ni kuuziwa makovu. Kovu la gitaa la kale ni ushahidi wa mkono ulioegemea pale na jasho lililodondoka. Kovu la karakana halishuhudii lolote, na likiangukia mikononi mwa mlaghai huwa chambo cha kumnasa mnunuzi asiyejua.

Tusisahau pia kwamba Eric Clapton alipolipiga gitaa la aina hii katika albamu ya John Mayall mwaka wa 1966, lilikuwa gitaa kuukuu tu. Sauti yake ndiyo iliyowafanya wengine walitafute. Sifa za miali zilifuata baadaye.

Basi anayenunua la marudio na achague lisilokwaruzwa, alipige, alizeeshe kwa mikono yake mwenyewe. Mvi za kupaka hazimpi mtu busara.