Simu Yavuka Mpaka, Mwenye Simu Azuiwa

Ndugu wafanyakazi wa mgodi, na ninyi wenyeji wa mji wa Kipushi,

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo wengi wetu twalisoma katika simu bila kuuliza maana yake. Neno hilo ni "roaming". Mji wetu u karibu sana na Zambia, na simu ikikamata mnara wa upande wa pili, neno hilo laweza kutokea kwenye kioo. Watu huliogopa: unite zitaliwa! Sisi twaona yafaa kulifahamu vizuri, kwani ndani yake mna jambo kubwa kuliko unite.

"Roam" maana yake ni kwenda huku na huku katika nchi pana, pasipo kuzuiwa, na pasipo kulazimika kusema unakwenda wapi. Waingereza hulitumia kwa ng'ombe wa malishoni, kwa simba wa porini, na kwa mtu pia. Si kupotea, maana aliyepotea anapo mahali alipotaka kufika. Si kukimbia, maana anayekimbia anacho kitu nyuma yake. Ni neno la kale, na wenyewe hawajui kwa hakika lilitoka wapi.

Kiswahili chetu kina maneno mengi kwa jambo hilo, ila kila neno lina hukumu yake. Kutembea ni jambo jema. Kutangatanga kunatia huruma. Kuzurura ni aibu. Wazee nao walisema pande mbili. Walisema, "Mtembezi hula miguu yake." Lakini walisema tena, "Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota." Hawakukata neno. Walimwachia mwenye miguu apime mwenyewe.

Waliokata neno ni watawala wa kigeni. Mwaka 1896 ilitolewa amri juu ya wazururaji na waombaji, katika nchi ambayo jina lake rasmi lilikuwa Dola Huru ya Kongo! Baadaye, chini ya Wabeleji, mtu mweusi hakuweza kuhama wilaya yake pasipo karatasi ya ruhusa, na usiku hakutakiwa kuonekana katika mtaa wa Wazungu. Kenya nako, tangu miaka ya 1920 mpaka 1947, wanaume Waafrika walilazimishwa kuchukua kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Wenye neno "roam" ndio waliofanya hivyo.

Lakini hata kwao neno hili halikupewa maskini bure. Tarehe 24 Aprili 1932, vijana wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani walipanda mlima wa Kinder Scout, ambao wenye mashamba waliufunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Watano wakatiwa gerezani. Wenzao hawakunyamaza. Mwaka 2000 Bunge lao likatunga sheria ya kuruhusu watu kutembea kwa miguu katika milima na nyika za England na Wales, na watu wakaiita haki ya "roam". Hesabuni wenyewe: ni miaka 68.

Na sisi tunayo haki iliyokwisha kuandikwa. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 30, yasema kwamba kila mtu aliye katika nchi ana haki ya kwenda popote ndani yake, kukaa apendapo, kutoka na kurudi, kwa masharti yaliyowekwa na sheria. Tena tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zapingana na Mkataba wa Afrika. Kukosa kazi au kukosa nyumba si kosa la kumkamatia mtu.

Maneno hayo yatuhusu sisi watu wa mgodi. Mgodi wa Kipushi uliposimama mwaka 1993, uzalishaji haukurudi mpaka mwaka 2024. Katika miaka hiyo 31, baba aliyetoka asubuhi pasipo kujua atapata wapi unga wa watoto, nani atathubutu kumwita mzururaji? Na kijana wa leo anayesimama barabarani akitafuta kibarua, mbona sisi wenyewe twamwita hivyo? Tusichukue neno la polisi wa zamani kuwapiga nalo watoto wetu.

Sasa turudi kwenye simu. Simu ya Kongo ikiingia Zambia, kampuni ya huko haiifungii mlango. Yauliza kampuni ya huku: namba hii ni ya kwenu? Ya huku yajibu: ni yetu, ipokeeni, hesabu tutalipana. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha hivyo Kenya, Uganda na Tanzania pasipo kuongeza malipo ya kuvuka, na mwaka 2007 Kongo ikaingizwa. Basi jambo hili lawezekana. Simu huenda huru kwa sababu nyumbani kwake kuna anayeijibia.

Wengine watasema: mkiwaachia watu, wezi watapita na madini yatatoka. Sisi twajibu: mwizi akamatwe kwa wizi wake. Simu yajulikana ilipo kila saa, wala haizuiwi. Kujulikana ni jambo moja, kuzuiwa ni jambo lingine.

Mpaka huu wa karibu yetu ulikubaliwa mwaka 1894 na Waingereza na Mfalme Leopold, ukafuata mgawanyo wa maji: mito ya huku yaenda Kongo, ya kule yaenda Zambezi. Walamba wakabaki pande zote mbili, nao hawakuulizwa. Hata mwezi wa Agosti 2024, serikali mbili zilipogombana juu ya bia na soda, Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache, malori yakasimama Kasumbalesa. Wakubwa waligombana, na mchuuzi mdogo akalala njaa.

Hatuombi mpaka ung'olewe. Twaomba mambo matatu. Kwanza, bei ya kila karatasi ya kuvukia ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, mahali ambapo kila mtu aweza kuisoma. Pili, kila franka inayolipwa itolewe risiti. Tatu, mwananchi akizuiwa safarini bila kosa, serikali yake imjibie upesi, kama vile kampuni inavyoijibia simu yake.

Ndugu, someni kifungu cha 30. Msomeeni na jirani asiyejua kusoma. Na mkiulizwa barabarani kwa nini mnatembea, toeni kitambulisho kwa heshima, mjibu kwa sauti ya kawaida: twatembea kwa kuwa nchi ni yetu.