Nani Atamwandika Mpishi?

Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mvita, alifariki takriban mwaka 1840. Leo twamsoma kwa kuwa Mwalimu Sikujua bin Abdalla, mwishoni mwa karne ya 19, alizikusanya tungo zake kwa waliozihifadhi vifuani, hata Mwingereza Hichens akapata cha kuchapisha mwaka 1940. Lau si mwalimu yule, tungebaki na jina tupu. Sasa nauliza: Sikujua wa wapishi wetu yuko wapi?

Pita Kibokoni baada ya sala ya alfajiri. Harufu ya hiliki itakuongoza hadi kwenye karai la mahamri na mama aliyeketi kando yake. Twanunua, twala na mbaazi za nazi, twaenda zetu. Wapishi wa biriani za arusi, wale wanaume wapaliao makaa juu ya vifuniko vya masufuria, angalau hutajwa majina. Mama wa mahamri hatajwi.

Nilimwuliza mmoja wao, na jina lake nalisitiri kwa ombi lake, alifunzwa na nani. Akanijibu kama shekhe atajapo isnadi ya hadithi: yeye kwa shangazi yake, shangazi kwa jirani aliyehamia kutoka Lamu. Miaka miwili ya mwanzo hakupewa mwiko. Alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi na kukamua kwa kifumbu, hata akaweza kuijua kasimile kwa kuitazama tu. Nikakumbuka chuoni, tulivyoshindishwa na herufi miezi na miezi kabla ya kufunguliwa juzuu. Alipoachwa na mumewe na watoto wanne, karai ndilo lililowalipia ada za skuli. Hilo alilisema huku akigeuza mahamri, wala hakuinua uso.

Nimetunga mashairi miaka mingi, na sijapata kuona subira kama ile kwa mshairi yeyote, nami nikiwamo.

Nitaambiwa kuwa mapishi yote siku hizi yako mitandaoni, kwa vipimo vya vikombe. Ni kweli, na yanafaa. Lakini kikombe hakitakwambia habari za mama aliyeamka saa tisa usiku kwa miaka thelathini.

Njia imekwishaonyeshwa. Shaaban Robert alimwandika Siti binti Saad, mwimbaji. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwasikiliza wanawake watatu wa hapa Mombasa wakijisimulia maisha yao, na kitabu chake cha Kiswahili kikatoka mwaka 1991. Vijana wetu nao wana simu za kunasa sauti mifukoni. Basi na waende, ila wasiende alfajiri, mpishi hana nafasi. Waende mafuta yakishapoa, na wasiende mikono mitupu. Nazi mbili zatosha. Wala wasishangae wakipewa mbuzi wakune kwanza.