Steringi Asiyelipa Ni Mwongo

Kijana akikamatwa kwa wizi au kwa kumchoma mwenzake kisu, hakosekani mzee wa kunyooshea kidole ukumbi wa video. Ni hizo filamu, atasema. Ni huyo Rambo, ni huyo John Wick, ndio wanaotuharibia watoto. Hukumu hiyo nimeisikia hapa Burundi, Gitega na Muyinga, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga kesi. Nasema waziwazi: wazee wetu wanakosea, na wanaotuletea filamu hizo wanakosea kuwazidi. Wote wanaamini kwamba kijana anavutwa na bunduki. Uongo! Anavutwa na mtu aliyedhulumiwa, akaamua kuitafuta haki yake kwa njia chafu, na njia hiyo ikamla. Ondoa dhuluma, au ondoa hasara, na steringi huyo hana mvuto tena. Amebaki mchinjaji mwenye misuli.

Tuanze na Rambo mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayesingiziwa zaidi. Filamu yake ya kwanza, First Blood, ilitoka mwaka 1982. John Rambo ni askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam. Anaingia mji mdogo kwa miguu, hana kitu, anatafuta mahali pa kula. Mkuu wa polisi anampakia garini na kumtoa nje ya mji, na Rambo anapogeuka kurudi, anamtia pingu. Kituoni wanampiga. Wanamshika ili wamnyoe kwa nguvu, na wembe ule unamrudisha kwenye mateso aliyoyapata mikononi mwa adui. Hapo ndipo anapolipuka. Sasa sikilizeni: katika filamu hiyo nzima anakufa mtu mmoja tu, polisi anayeanguka kutoka kwenye helikopta baada ya Rambo, aliyebanwa chini ya genge huku akifyatuliwa risasi, kuirushia jiwe. Mmoja! Wangapi kati ya wanaojiita Rambo mtaani wanaijua hesabu hiyo?

Na mwisho wake ni upi? Rambo anaporomoka mbele ya kamanda wake wa zamani na kulia kama mtoto. Anamsimulia rafiki yake aliyeraruliwa na bomu lililofichwa ndani ya kisanduku cha mng'arisha viatu, na jinsi alivyohangaika kumshikilia asimalizikie mikononi mwake. Kisha anajisalimisha, anatolewa nje akiwa chini ya ulinzi. Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972 iliyomzaa, Rambo anakufa kabisa, na hata watengenezaji wa filamu walipiga mwisho wa namna hiyo kabla hawajaubadilisha. Huyo ndiye mtu aliyetugusa: aliyeonewa, aliyekosea, aliyevunjika. Filamu zilizofuata mwaka 1985 na 1988 zilimfuta. Machozi yakakaushwa, deni likasamehewa, maiti zikarundikwa. Soko lilimchukua mtu likaturudishia mashine, nasi tukaipigia makofi.

Na huku kwetu tumeongeza kosa letu wenyewe. Filamu nyingi zinatufikia zikiwa zimepita mdomoni mwa msimuliaji: za Kiswahili kutoka Tanzania, za agasobanuye, yaani zinazosimuliwa kwa Kinyarwanda, kutoka Rwanda. Kazi hiyo naiheshimu. Lufufu wa Tanzania na waliomfuata waliwafungulia sinema watu ambao Kiingereza kiliwafungia mlango. Lakini heshima hiyo ina masharti, na wengi wanayakanyaga. Nilikuwa kwenye benchi la ukumbi mmoja wa Muyinga filamu hiyo ya Rambo ilipofika kwenye kilio. Msimuliaji aliyekuwa ameeleza kila teke na kila mlipuko, hapo akaanza kutaja namba ya simu ya duka lake na kuwasalimia marafiki zake mmoja mmoja. Kilio chote kikapita chini ya salamu. Vijana wakainuka wakikung'uta suruali, wamekwisha kulishwa ghasia na kunyimwa maana yake. Huo ni wizi. Wamelipa kiingilio cha filamu nzima, wameuziwa nusu.

Msiniambie kwamba kijana hawezi kustahimili hasara ya steringi. John Wick amependwa tangu mwaka 2014, na watu hukumbuka kwamba aliuliwa mtoto wa mbwa aliyeachiwa na mke wake kabla ya kufariki. Wanasahau ankara iliyofuata. Nyumba aliyoishi na mke huyo inateketezwa. Katika filamu ya tatu anakata kwa mkono wake kidole alichovalia pete ya ndoa, na pete yenyewe anaitoa, ili tu aendelee kuishi. Alianza kuua kwa sababu ya kumbukumbu ya mke wake. Akaishia kukikabidhi kitu cha mwisho kilichomfunga kwake. Mwenye macho ameona kwamba kisasi kimekula kile kilichodai kukilinda. Risasi zote zile bila kidole kile ni kelele tupu.

Sisi Warundi tuna sababu ya kulishikilia jambo hili kuliko wengi. Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, nchi iliingia vita vilivyodumu zaidi ya miaka kumi. Wengi walioshika silaha walikuwa na kidonda cha kweli: baba aliyeuawa, nyumba iliyochomwa, ndugu waliopotea katika mauaji ya mwaka 1972 na wasijulikane walikozikwa. Kidonda kilikuwa cha kweli, na waliyoyatenda kwa jina la kidonda hicho yalizaa yatima wapya upande wa pili wa kilima. Mila yetu ilimweka mushingantahe, mzee mwamuzi, katikati ya mdai na mdaiwa ili mkono wa mwenye hasira usiwe ndio hakimu. Steringi wa aina hii huzaliwa pale kiti cha mwamuzi huyo kinapokuwa kitupu. Kijana anamwelewa papo hapo, hahitaji mkalimani, kwa kuwa amewahi kudhulumiwa na kukosa pa kushtaki. Filamu inayokiri dhuluma hiyo inamheshimu. Filamu inayomwambia kwamba bunduki itaiponya inamdanganya, na katika nchi hii uongo huo umekwisha kuzika watu.

Ndiyo maana nawauliza watengenezaji wetu wa filamu: mnasubiri nini? Mwaka 2010 Djo Tunda wa Munga alitoa Viva Riva! kutoka Kinshasa. Riva anarudi nyumbani na petroli ya wizi kutoka Angola wakati mji mzima umekauka mafuta. Anatamba, anatumbua pesa, anamtaka mwanamke wa jambazi mwingine, na wenye mzigo wanamfuata nyuma. Anakufa, na anakufa na wengi waliomkaribia. Nani aliyekesha kwenye foleni ya esansi (petroli) Gitega miaka hii ya karibuni asiyemwelewa Riva? Tazameni mpakani, Kobero. Kijana anayevusha madumu usiku kutoka upande wa Tanzania anavunja sheria. Esansi ya magendo ndiyo inayoweza kumfikisha mama mjamzito hospitali. Ndiyo pia inayoweza kushika moto chini ya kitanda ikaunguza watoto wa mvushaji mwenyewe. Wokovu na balaa vimo ndani ya dumu moja, mkononi mwa mtu mmoja. Anayetaka steringi wa kusisimua kuliko huyo anamtafuta wapi?

Wakenya hawakusubiri. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga ilitoka mwaka 2012, ikawa filamu ya kwanza ya nchi hiyo kupelekwa kuwania Oscar. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza filamu na kuziigiza mbele ya wateja. Yeye mwenyewe ni mtoto wa kanda hizi tunazozilaumu. Anaingia Nairobi akiota kuwa mwigizaji, anaporwa mara tu anapofika, anatupwa mahabusu, na wanaompa rafiki na mahali pa kulala ni wezi. Upande mmoja wa maisha yake kuna mazoezi ya jukwaani, upande wa pili kuna vipuri vya magari ya watu. Wenzake wanaishia kwenye risasi za polisi, naye anapanda jukwaani akiwa na vifo hivyo mwilini mwake. Gitonga hakumtakasa Mwas wala hakumlaani. Alimwonyesha akichagua, kisha akamwonyesha akilipa. Wala hakuhitaji helikopta.

Burundi hatuna udhuru wa kukosa hadithi. Filamu ndefu ya kwanza ya nchi yetu, Gito l'Ingrat ya Léonce Ngabo, ya mwaka 1992, si ya mapigano, lakini ilithubutu kumweka mbele mtu mwenye dosari: msomi aliyerudi kutoka Ufaransa akijiona waziri, akawakosea wanawake waliompenda, nao wakaungana kumwadhibu. Kwa filamu ya vita tunaye Maconco. Alikuwa mkwe wa Mwami Mwezi Gisabo, akamwasi, akaungana na Wajerumani walipomshambulia mfalme mwaka 1903, na kwa mkataba wa Kiganda wa mwaka huo akatambuliwa kuwa mtawala anayejitegemea. Mwaka 1905 Wajerumani haohao wakamuua. Familia, kiburi, usaliti, ushindi, na mwisho uliotoka mikononi mwa aliowakaribisha! Historia imekwisha kuandika filamu. Imebaki mtu wa kuipiga.

Kwa hiyo wazee wetu, acheni kudai kumbi zifungwe. Kijana mliyemfungia ukumbi atatazama kwenye simu, peke yake, bila mtu wa kubishana naye. Kaeni naye kwenye benchi, na filamu ikiisha muulizeni: huyu alidhulumiwa nini, alitenda nini, na nani aliyelipia? Wasimuliaji, mahali steringi anapolia, simulieni kilio hicho kwa nguvu ileile mnayoitumia kwenye ngumi. Na ninyi mnaoshika kamera Bujumbura, Gitega na Muyinga, tupeni mtu mwenye haki ya kukasirika, mwacheni akosee, kisha msimwonee huruma ankara inapofika. Watazamaji wetu wamezika watu. Wanaijua bei ya kisasi kuliko mwandishi yeyote wa Hollywood, na wanastahili filamu zinazoisema bei hiyo yote.