Majaribio ya Programu Yasifanywe kwa Simu ya Pekee

Fundi wa Kilwa Kivinje amalizapo kukalafati jahazi jipya hapakii abiria na shehena siku ile ile na kulielekeza Songosongo. Hulishusha majini karibu na pwani, akaliacha mbao zinywe maji na kuvimba, ndipo ajue palipo na upenyo. Watengenezaji wa programu za simu, vishikwambi na kompyuta nao wana desturi kama hiyo. Kabla ya kulitoa sasisho kwa watu wote, hutanguliza toleo la majaribio, liitwalo beta, wakawaomba watumiaji walijaribu na kutoa taarifa za kasoro. Ila jahazi hujaribiwa tupu, na beta hujaribiwa na mtu aliyekwisha kupakia shehena yake yote.

Hapo awali kazi hiyo ilikuwa ya wahandisi. Mwaka 2014 kampuni ya Microsoft ilifungua mpango wa majaribio ya Windows kwa umma, na mwaka huo huo Apple ikafanya vivyo kwa kompyuta zake, kisha kwa iPhone mwaka 2015. Tangu 2023 hata matoleo ya Apple yaliyokusudiwa waandishi wa programu hupatikana bila malipo, kupitia mipangilio ya simu. Google nayo huwafungulia wenye simu za Pixel. Kwa simu nyingine nyingi za Android, mlango ulio wazi zaidi ni ule wa duka la programu, ambamo programu moja moja humkaribisha mtumiaji ajiunge na majaribio. (Hatuzungumzii hapa zile programu za WhatsApp zilizochakachuliwa, ambazo vijana hupeana mkononi wakiziita matoleo mapya. Hizo si beta ya mtu yeyote, na mwenye akaunti anaweza kufungiwa.)

Kuingia ni rahisi; kutoka ndiko kwenye taabu. Mwenye Pixel akitaka kurudi kabla toleo kamili halijatoka, hana budi kufuta kila kilichomo ndani ya simu. Mwenye iPhone huhitaji kompyuta ili aifute na kuirudisha katika toleo la zamani, na nakala aliyoihifadhi akiwa katika beta huenda isikubali kurejeshwa humo. Watengenezaji wenyewe hawafichi jambo hili: Apple hushauri kwamba beta iwekwe katika chombo cha pili, baada ya kuhifadhi nakala. Swali letu ni hili: ni wangapi kati ya wakazi wa Kilwa Kisiwani, Songo Mnara au Songosongo walio na chombo hicho cha pili?

Kwa mtu wa kisiwani simu ndiyo benki, ndiyo daftari la madeni ya samaki, na ndiyo inayomletea utabiri wa hali ya hewa. Tukumbuke Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari, na mwenye simu nzima aliweza kuzipata akiwa kisiwani. Mvua zikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ndani ya wilaya ya Kilwa. Mei 12, nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu, na intaneti ikazorota nchini. Mtu ambaye simu yake ingekwama katika siku zile kwa sababu ya programu isiyokamilika, asingekuwa na barabara ya kumfikisha kwa fundi mjini, wala intaneti ya kupakua upya gigabaiti kadhaa za mfumo. Simu ndogo ya vitufe, ambayo wengine huidharau, ingemfaa zaidi, kwani huduma za fedha kwa njia ya menyu ya namba hazihitaji intaneti wala mfumo mpya.

Tungependa ieleweke wazi kwamba hatuwaambii wananchi wakatae masasisho yote. Masasisho ya kawaida ya usalama ni lazima, na anayeyaahirisha mwaka mzima huwaachia wezi mlango wazi. Hata hayo nayo si salama daima: Oktoba 2018 Microsoft ililazimika kusimamisha sasisho la Windows 10 baada ya siku chache, kwa kuwa lilifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji. Baadhi ya wajaribiaji walikuwa wametoa taarifa ya kasoro hiyo mapema, lakini haikutiliwa maanani. Ikiwa toleo lililokwisha kujaribiwa laweza kufanya hivyo, basi lile ambalo bado linajaribiwa halistahili kuwekwa penye kumbukumbu za pekee.

Hapo ndipo tunapowageukia watumishi wa umma. Kompyuta ya zahanati ina habari za wagonjwa, na beta kwa kawaida hupeleka kwa mtengenezaji taarifa nyingi zaidi kuhusu mwenendo wa chombo kuliko toleo la kawaida. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimruhusu mtumishi kuzichezea habari hizo kwa sababu ya hamu ya kuona sura mpya ya kioo. Vivyo hivyo vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022, kisha wakakabidhiwa walimu, ni mali ya umma. Asiwepo mtumishi wa kufungulia beta katika vyombo hivyo pasipo idhini ya ofisa wa TEHAMA wa halmashauri.

Hata hivyo, majaribio yenyewe tunayataka. Programu isiyojaribiwa na mtu wa visiwani haitajua mtandao wa visiwani, wala Kiswahili chake hakitasahihishwa na wenye Kiswahili. Na jambo hili linaihusu Serikali kuliko linavyozihusu kampuni za ng'ambo. Mfumo wa kukusanya ushuru au wa kutoa namba ya malipo ukijaribiwa Dodoma na Dar es Salaam peke yake, kisha ukaletwa Songosongo siku ya kuanza kazi, wananchi wa huko huwa wamefanywa wajaribiaji bila kuulizwa, tena kwa fedha zao. Gesi ya kisiwa hicho imekuwa ikizalisha umeme wa Dar es Salaam tangu 2004. Hakiwezi kusemekana kuwa kiko mbali mno kwa ofisa mwenye kishikwambi cha majaribio.

Tunaiomba Mamlaka ya Serikali Mtandao na halmashauri zetu zitenge walau chombo kimoja cha ziada kwa kila kisiwa chenye watu, kisichokuwa na kumbukumbu za mtu yeyote, na kwamba taarifa za kasoro zipokewe kwa Kiswahili na kujibiwa kabla mfumo haujaanza kutoza hata shilingi moja.