MATENGENEZO SI ANASA

Usiku wa kuamkia Desemba 3, 1984, gesi ya sumu ilivuja katika kiwanda cha dawa za kuulia wadudu mjini Bhopal, India, ikaua maelfu ya watu. Ilibainika baadaye kuwa mtambo wa kupoza kemikali ile ulikuwa umezimwa tangu Juni. Mnara wa kuteketezea gesi nao haukuweza kutumika, kwa kuwa kipande cha bomba lake kilicholiwa na kutu kilikuwa kimeondolewa bila kurudishwa kingine.

Vyombo vya kinga vilikuwapo; kilichokosekana ni utunzaji wake.

Fedha zinapopungua, fungu la matengenezo ndilo rahisi kukatwa, maana mashine isiyotiwa grisi leo itazunguka hata kesho. Kosa hilo halionekani vitabuni mpaka siku mtambo unaposimama, au unapoua.

Hivyo maofisa wanaoidhinisha fedha hawana budi kulilinda fungu hilo. Ratiba za ukaguzi ziheshimiwe, vipuri viagizwe mapema, na fundi anayetoa taarifa ya hitilafu asihesabiwe kuwa mkorofi. Walimu wa ufundi nao wafundishe kutunza mashine kabla ya kufundisha kuifufua.

Akiba ipatikanayo kwa kuacha mitambo ioze ni deni, na wanaolilipa ni wafanyakazi na majirani wa kiwanda.