Mashine za Leonardo na daftari la mfanyabiashara

Katika jiji la Milan, kaskazini mwa Italia, lipo jumba la makumbusho ya sayansi na teknolojia lenye jina la Leonardo da Vinci. Lilifunguliwa mwaka 1953 ndani ya majengo yaliyokuwa monasteri. Humo mna mifano iliyoundwa kwa kufuata michoro yake: mabawa ya kurukia, mitambo ya kufumia nguo, zana za vita. Wageni hutoka wakisifu akili ya mtu aliyeutangulia wakati wake.

Sifa hizo ni haki yake. Lakini mtu anayeishi kwa kuuza na kununua ana swali jingine la kuuliza: mashine zenyewe ziko wapi?

Nyingi hazikuwahi kuwapo. Leonardo alifariki mwaka 1519. Mifano ya Milan ni kazi ya mafundi wa karne ya 20, nao walilazimika kukisia pale mchoro ulipokaa kimya. Gia za gari lake la vita, zikifuatwa kama zilivyochorwa, huzungusha magurudumu kwa mielekeo inayopingana, na gari haliendi. Mwavuli wake wa kushukia kutoka angani ulijaribiwa mwaka 2000 nchini Afrika Kusini na Mwingereza Adrian Nicholas, nao ukafanya kazi. Zaidi ya miaka 500 ilikuwa imepita tangu uchorwe.

Isidhaniwe kwamba Leonardo hakujua pesa. Mwaka 1496 alipiga hesabu ya mashine ya kunolea sindano: sindano 40,000 kwa saa moja, na mapato ya dukati 60,000 kwa mwaka. Mfanyabiashara yeyote anaitambua hesabu ya namna hiyo. Hata hivyo, Leonardo hakutajirika kwa sindano. Hesabu ilibaki daftarini, na daftari likabaki sandukuni. Alipokufa, maandishi yake yalirithiwa na mwanafunzi wake, kisha yakatawanyika. Mwaka 1994 Bill Gates alinunua daftari moja kwa zaidi ya dola milioni 30. Aliyelichora alikuwa kaburini kwa karne nyingi.

Rafiki yake Luca Pacioli alikwenda njia nyingine. Mwaka 1494 alichapisha mjini Venice kitabu cha hesabu kilichoeleza jinsi wafanyabiashara wa mji huo walivyoandika kila muamala mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti. Pacioli hakuubuni utaratibu huo. Aliuandika kwa lugha ya watu wa sokoni na kuutoa nje. Leo maduka mengi yenye vitabu sahihi vya hesabu yanautumia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa Leonardo daftari lilikuwepo, lakini lilifungwa, na mali ikapotea vilevile.

Wapo watakaosema Leonardo alilishwa na watawala, hivyo hakuhitaji soko. Ni kweli. Lakini fundi wa Busia au Namanga hana mtawala wa kumlisha. Ana karakana, mkopo na jirani mwenye macho makali. Akibuni mashine nzuri ya kukobolea mahindi na kuivusha mpaka, huenda msimu ujao akaikuta upande wa pili ikiuzwa kwa bei ya chini, bila jina lake.

Dawa ya ugonjwa huo si ngeni. Mwaka 1474, Leonardo akiwa kijana wa miaka 21, Venice ilitunga sheria: aletaye kifaa kipya kinachofanya kazi, akakisajili, alindwe kwa miaka 10. Huo ndio msingi wa hataza za leo. Tatizo ni kwamba hataza ya nchi moja huishia mpakani. Shirika la ARIPO lenye makao yake Harare hupokea ombi moja linaloweza kugusa nchi kadhaa, na Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zimo. Lakini fundi akikitembeza kifaa chake kwenye maonyesho kabla ya kuomba, anaweza kukosa haki hiyo, kwa kuwa hataza hutolewa kwa kitu kipya.

Kwa hiyo serikali za Afrika Mashariki ziache kuwaita mafundi kwenye maonyesho kuja kupigiwa makofi tu. Kwenye kila maonyesho na kila kituo cha pamoja cha mpakani pawe na afisa wa kueleza utaratibu wa usajili kwa Kiswahili, na ada ziwe ndani ya uwezo wa mwenye karakana. Naye mfanyabiashara asisubiri serikali. Aandike alichobuni, aweke tarehe na vipimo, aulizie ulinzi, kisha akipeleke sokoni mapema.

Mifano ya Milan inapendeza kuitazama. Mashine ya kukoboa mahindi haifai kuishia huko. Mahali pake ni sokoni, ikimlipa aliyeibuni angali hai.