Bega ni Urithi, Shabaha ni Elimu

Mwaka 1984, karibu na mto wa msimu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu. Uchimbaji uliofuata ulifichua mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Bega lake limezua mjadala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ambao uliwapima wachezaji wa besiboli wa vyuo vikuu, ulihitimisha kwamba uwezo wa kurusha kitu kwa kasi ulianza kwa binadamu wa kale wa jamii yake. Wataalamu wengine wanapinga. Hata hivyo, bega lipo, tunaweza kulijadili. Mifupa ya viganja na vidole vyake karibu yote haikupatikana.

Upungufu huo una funzo kwetu walimu. Bega hutoa nguvu, lakini vidole ndivyo vinavyoamua mpira uangukie wapi. Nguvu tumeirithi sote. Ulengaji kila mmoja hujifunza upya, na akifa huondoka nao.

Wamarekani humtaja Greg Maddux, mrushaji wa besiboli aliyeshinda mechi 355 kati ya mwaka 1986 na 2008 bila kutegemea kasi kubwa. Lakini mfano tunao hapa nyumbani, katika kriketi, mchezo ulio jirani na huo. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, aliiwakilisha Kenya katika tenisi na katika kriketi, na aliiongoza timu yetu katika Kombe la Dunia la mwaka 1999. Baada ya hapo alistaafu. Mwaka 2003 aliitwa tena, akiwa na umri wa miaka 39.

Tarehe 15 Machi mwaka huo, mjini Durban, alikabidhiwa mpira mbele ya Australia, mabingwa wa dunia. Hakuwa na kasi ya kumtisha mtu. Alirusha mipira 50, mmoja baada ya mwingine, palepale alipokusudia. Australia walipata mikimbio 7 tu kutoka mkononi mwake, na wapigaji wao watatu, Ricky Ponting akiwa mmojawapo, wakaondolewa. Kenya ilishindwa siku hiyo, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa Karim.

Wahenga walisema: mlenga jiwe kundini hajui limpataye. Nikiwa mwanaisimu, huvutiwa na kejeli iliyomo: mtu huyo anaitwa mlenga ilhali hakulenga chochote. Lugha yetu hutenganisha kutupa na kulenga, na neno shabaha hubeba maana mbili: alama inayolengwa na kusudi la moyoni. Asiye na kusudi hana alama ya kupiga.

Je, shule zetu hufunza lipi kati ya hayo? Kuanzia Lodwar hadi Kakuma, na kwingineko nchini, tunamshangilia arushaye mbali na akimbiaye mbio. Darasani tunamsifu ajazaye kurasa. Mtoto wa polepole, ambaye sentensi zake tatu zote zimegonga penyewe, aghalabu hupita bila kuonekana. Yamkini miongoni mwao yumo Karim mwingine.

Tusidhani kipaji hujilea chenyewe. Kenya iliyofika nusu fainali mwaka 2003 ilipoteza hadhi yake katika mechi za kimataifa za siku moja mwaka 2014. Mabega hayakupungua nchini. Lililopungua ni malezi.

Hapana budi tuanze na madogo. Mwalimu wa michezo achore duara ukutani na kuhesabu mipira inayoingia ndani yake. Mwalimu wa insha aulize kwanza, "Ulikusudia kusema nini?" kabla ya kuhesabu maneno. Nawe mwanafunzi, usione haya kuwa wa polepole. Ona haya kurusha bila kujua unalenga wapi.